Safari ya Ndege: Nini Uchukue Mkononi, Nini Upakie, Nini Uache Nyumbani



Zamani mtu wa pwani yetu alipotaka kusafiri, shida yake kubwa ilikuwa kuwahi basi na kungoja zamu yake katika kivuko cha Kilifi. Humo kivukoni hakuna aliyemwuliza habari za kikapu chake. Kuku, panga, debe la mafuta ya taa na gunia la muhogo, vyote vilivuka pamoja na mwenyewe. Kivuko kile kazi yake ilikwisha daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, na siku hizi wako wakulima wengi wa Magarini, Ngerenya, Tezo, Roka na Mtwapa ambao hupanda ndege. Huyu anampeleka mgonjwa Nairobi, yule anakwenda kuhiji Makka, na mwingine anakwenda kumwona mwanawe afanyaye kazi katika nchi za Ghuba au Ulaya.

Lakini ndege si kivuko. Desturi ya kufunga kikapu kama tulivyozoea imewatia watu wengi hasara. Mama amenyang'anywa samli aliyoikusanya miezi miwili, mzee amechelewa safari kwa ajili ya kisu kidogo cha kumenyea embe, na wengine wamejikuta mbele ya polisi kwa mzigo ambao hata haukuwa wao. Hayo yote huweza kuepukwa nyumbani, usiku wa kuamkia safari, ukijua sheria tatu nne na sababu zake. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

KWA NINI MIZIGO HUPEKULIWA

Ndege ikiwa juu haina pa kusimama kando ya njia. Moto ukizuka katika basi, dereva husimama na watu wakashuka. Moto ukizuka katika ndege, watu wote wamo ndani mpaka kipatikane kiwanja cha kutulia. Kwa hiyo mataifa yamepatana juu ya sheria za namna moja, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na hapa Kenya msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Askari anayefungua mkoba wako Malindi hakutungia sheria kwa chuki. Mwenzake wa Dubai au London atatafuta karibu vitu vile vile.

MAFUNGU MATATU

Msafiri wa ndege huwa na mizigo ya namna mbili. Uko mkoba wa mkononi, ambao unaingia nao na kuuweka karibu na kiti chako. Na uko mzigo unaopimwa na kupokewa kaunta, ukatiwa katika tumbo la ndege, usiuone tena mpaka mwisho wa safari. Basi usiku wa kufunga mizigo, tandika mkeka na ugawe vitu vyako mafungu matatu:

1. Vitu vya mkononi.
2. Vitu vya tumbo la ndege.
3. Vitu vya kubaki nyumbani, visivyoruhusiwa popote katika ndege.

Anayefanya hivyo juu ya mkeka wake hafanyiwi hivyo na askari mbele ya watu.

KIKAPU CHA MAMA WA TEZO

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Tezo ana binti Muscat, na binti huyo amejifungua mtoto wa kwanza. Mama atapanda ndege ndogo Malindi mpaka Nairobi, na Nairobi atapanda ndege kubwa ya kwenda Ghuba. Katika kikapu chake cha mkononi ametia: chupa ya samli, kopo la achari ya embe, mbata kidogo, mbuzi ya kukunia nazi, kisu, embe sita, dawa zake za presha, simu yake, na betri ya akiba ya kuchajia simu, ile ambayo vijana huiita pawabenki. Anapofika penye mashine ya upekuzi, askari anatoa chupa.

"Mama, hii haiwezi kupita."

"Lakini mwanangu, ni samli ya mzazi. Mjukuu wangu ana siku kumi tu."

Askari anasikitika, lakini chupa inakwenda pipani. Na mzigo wake mkubwa ulikwisha kupokewa, hawezi kuurudia. Sasa tuvitazame vitu vyake kimoja kimoja, tuone angalivigawaje.

VITU VYA MAJIMAJI: SHERIA YA MILILITA 100

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wamekula njama ya kulipua ndege kwa dawa za majimaji zilizofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo majimaji yakawekewa mpaka. Katika safari za nchi za nje, kila chombo cha mkononi kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika mfuko mmoja wa kuonyesha ndani, wa lita 1, wenye kufungika.

Hapa wengi hukosea mambo mawili. La kwanza, hudhani majimaji ni maji na soda tu. Sivyo. Kila kinachomiminika au kupakwa kimo ndani: samli, asali, achari, mafuta ya nazi, tui, manukato, mafuta ya kujipaka, hata dawa ya meno. La pili, kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 500 yenye asali ya vijiko viwili chini yake, bado ni chupa ya 500, nayo itazuiwa.

Viko viwanja vya Ulaya vilivyopata mashine mpya na kuanza kulegeza sheria hii. Usitegemee. Ukibadilisha ndege katika kiwanja kingine utapekuliwa upya kwa sheria ya hapo.

Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga anayesafiri yana ruhusa ya kuzidi kiasi hicho, kwa kadiri ya haja ya safari. Vionyeshe mwenyewe kabla hujaulizwa, na uwe na karatasi ya daktari.

Basi samli na achari ya mama wa Tezo mahali pake ni mzigo wa tumbo la ndege. Azifunge sana, azitie katika kopo lisilovunjika, azizungushie kanga. Kabla ya hapo aulize kama nchi aendako inakubali chakula cha namna hiyo. Lakini tembo la mnazi asilichukue kabisa. Tembo huendelea kuchacha njiani, hewa yake hujaa chupani, na chupa hupasuka juu ya nguo za watu. Tena ziko nchi za Ghuba ambako kuingiza kileo ni kosa kubwa.

VYENYE MAKALI

Panga, jembe, shoka, mundu, kotama ya mgema, kisu cha jikoni, mkasi mkubwa na bisibisi: vyote ni vya tumbo la ndege. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ina ulimi wa chuma wenye meno, kwa hiyo ni katika hesabu hiyo. Ufunge ulimi huo kwa kitambaa kinene na kamba, ili mpakizi wa mizigo asikatwe mkono.

Usiseme, "Kisu changu ni kidogo." Viko vipimo vya urefu katika sheria, lakini mwenye kuamua penye mlango ni mkaguzi, na ndege haingoji mabishano. Kisu kikiwa katika mzigo mkubwa, hakuna neno.

Mzee mwenye bakora ya kutembelea asiogope. Bakora ya mtu anayeihitaji huruhusiwa, baada ya kupitishwa penye mashine.

BETRI: HAPA SHERIA IMEGEUKA

Vitu vya hatari tumezoea kuvipeleka mbali nasi, katika tumbo la ndege. Betri za akiba ni kinyume. Ni sharti ziwe mkononi, na ni marufuku kuzitia katika mzigo mkubwa. Sababu ni hii. Betri za siku hizi zenye madini ya lithiamu zikiumia au zikigusana vichwa huweza kupata moto mkali. Ukizuka karibu nawe, wahudumu watauona na kuuzima. Ukizuka tumboni mwa ndege, katikati ya masanduku, hakuna wa kuuona mapema.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya shirika la UPS iliondoka Dubai ikiwa imebeba betri nyingi za lithiamu. Moto ukazuka katika mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani wasione hata saa zao, ndege ikaanguka na marubani wote wawili wakafa. Tena tarehe 28 Januari 2025, huko Busan, Korea Kusini, ndege ya abiria ya Air Busan ilishika moto kabla haijaruka. Watu wote 176 walitoka salama kwa sababu walikuwa bado chini. Wachunguzi walisema huenda moto ulianza katika betri ya akiba iliyowekwa kabatini juu ya viti.

Utajuaje betri yako inaruhusiwa? Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Tazama ubavuni mwa betri penye herufi mAh. Chukua namba hiyo, igawe kwa 1,000, kisha izidishe mara 3.7. Mifano:

Betri ya 10,000 mAh: 10 mara 3.7 ni wati-saa 37. Inaruhusiwa.
Betri ya 20,000 mAh: 20 mara 3.7 ni wati-saa 74. Inaruhusiwa.
Betri ya 30,000 mAh: 30 mara 3.7 ni wati-saa 111. Imepita mpaka. Ni lazima upate idhini ya shirika la ndege kwanza.

Betri iliyofutika maandishi huweza kuzuiwa, kwa kuwa hakuna wa kujua nguvu zake. Iliyovimba au kupasuka usisafiri nayo. Na mashirika mengine yana sheria kali zaidi. Kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates huruhusu abiria betri moja tu ya akiba, isiyozidi wati-saa 100, na hairuhusiwi kutumiwa ndani ya ndege. Betri kubwa ya maji makali, ya gari au ya umeme wa jua, si mzigo wa abiria. Itume kwa lori.

VITU VYA SHAMBA VISIVYOPANDA NDEGE

Fungu la tatu ndilo linalotuhusu sana sisi wakulima, kwa sababu ndani yake vimo vitu tulivyozoea kuviona kila siku hata tukavisahau ubaya wake.

Dawa za kunyunyizia mimea. Mtu anakwenda Nairobi, anaona dawa ya wadudu kwa bei nafuu, anatia chupa katika sanduku. Hilo ni kosa. Dawa hizo ni sumu. Chupa ikivuja hewani, sumu hupanda mpaka wanapokaa watu, na hakuna dirisha la kufungua. Mwachie muuzaji aisafirishe kwa njia ya barabara.

Mbolea za chumvichumvi. Baadhi yake huzidisha nguvu ya moto. Zote ziache ziende kwa lori.

Petroli, mafuta ya taa na mtungi wa gesi. Hata mashine ya kuvuta maji au msumeno wa injini uliokwisha kutiwa petroli, ingawa tangi limemwagwa, mvuke wake hubaki, na mvuke ndio unaoshika moto. Shirika litakukatalia.

Kibiriti. Kisitiwe katika mzigo wowote. Bora kibaki nyumbani.

Mbata. Wengi watashangaa, lakini mbata imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari, nayo imepewa namba 1363. Nyinyi wenye minazi mnaijua sababu. Mbata isiyokauka sawasawa, ikirundikwa ghalani bila hewa, ukitia mkono ndani unasikia joto. Joto hilo latoka ndani ya mbata yenyewe kwa sababu ya mafuta yake, na likizidi huweza kuwaka bila kuwashwa na mtu. Kwa hiyo mbata ya mama wa Tezo irudi ghalani. Kama anataka kumpikia mzazi wali wa nazi, nazi atazipata huko huko aendako.

MATUNDA, MBEGU NA MICHE

Hapa hatari haiko ndani ya ndege. Iko shambani inakokwenda kutua. Mwaka 2003 iligunduliwa hapa Kenya nzi wa matunda aliyetoka Asia. Tangu hapo ameharibu embe nyingi, na mwaka 2014 Kenya ikaacha kupeleka embe katika soko la Ulaya kwa sababu yake. Biashara hiyo ilianza tena mwaka 2021, baada ya kazi kubwa ya kusafisha mashamba. Embe moja yenye funza mkobani mwa mtu mmoja yatosha kuanzisha balaa kama hilo katika nchi nyingine, au kuileta balaa mpya kwetu.

Ndiyo maana tangu tarehe 14 Desemba 2019 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingia na matunda, mboga, mbegu au miche bila cheti cha afya ya mimea. Matunda matano tu ndiyo yaliyosamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe, chungwa na pilipili hayamo. Nyama na maziwa ya kutoka kwetu pia hawayapokei. Cheti cha mimea hapa Kenya hutolewa na KEPHIS. Kwa nchi nyingine, uliza ubalozi au shirika la ndege kabla ya kuchuma embe zako.

Na unaporudi nyumbani, jihadhari vile vile. Usilete mche, mbegu wala udongo bila kibali cha KEPHIS. Uko ugonjwa wa kufisha minazi ulioangamiza minazi mingi Tanzania na Msumbiji. Mtu mmoja mwenye nia njema, akileta mche mzuri wa nazi kifichoni, huenda akaumaliza urithi wa wajukuu wa Kilifi nzima.

Kadhalika usichukue gamba la kasa, pembe ya ndovu wala kipande cha mnyama wa porini, hata kama ni pambo la zamani la babu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali.

MZIGO WA MTU MWINGINE

Jambo hili ni kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Samli ikitupwa, hasara ni shilingi. Hapa hasara ni maisha.

Watu wa pwani tuna moyo wa kusaidiana. Mtu akisikia unakwenda Ghuba, atakuja na bahasha au kifurushi kilichoshonwa: "Mama, mfikishie ndugu yangu." Mara nyingi ni nguo au halua. Lakini wako wanaotafuta mtu mwaminifu wa kumbebesha dawa za kulevya, na hao hawamchagui mwenye sura ya mwizi. Humchagua mama mtu mzima asiye na shaka. Likionekana humo, mwenye mkoba ndiye mwenye kosa, na "sikujua" si jibu. Katika baadhi ya nchi adhabu yake ni kifo.

Kwa hiyo usipokee kitu kilichofungwa. Kama ni ndugu yako kweli, mwambie akifungue mbele yako, mkitoe chote mkikague, mkifunge pamoja. Akikasirika, mwache akasirike.

Tena miraa, ingawa ni halali hapa kwetu, ni marufuku Uingereza tangu mwaka 2014 na katika nchi nyingi nyingine. Na baadhi ya dawa kali za maumivu zinazotolewa na daktari hapa ni haramu Ghuba pasipo kibali. Uliza mapema. Dawa zote zikae katika pakiti zake zenye jina, pamoja na karatasi ya daktari.

SIKU YA SAFARI

1. Pima mkoba wako nyumbani. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu mkononi. Soma tiketi yako.

2. Dawa zako, karatasi, fedha, simu na betri za akiba viwe mkononi. Mzigo mkubwa huweza kuchelewa siku mbili, na presha haingoji.

3. Aliyekusindikiza asiondoke mpaka umekwisha kupita upekuzi. Kitu kikikataliwa, omba umrudishie arudi nacho nyumbani.

4. Nenda mapema. Penye mashine vua mshipi na viatu ukiambiwa, toa vyuma mfukoni.

5. Usifanye mzaha wa bomu, hata kwa kucheka. Mzaha huo utakulaza kituoni.

6. Usichokijua, uliza shirika la ndege siku mbili tatu kabla. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJIPIMA

Funika majibu kwa mkono, kisha jaribu.

Swali: Chupa ya mililita 250 yenye mafuta ya nazi nusu, yaweza kuwa mkononi katika safari ya nje?
Jibu: La. Hupimwa chombo, si kilichomo. Itie katika mzigo mkubwa.

Swali: Betri ya akiba ya 15,000 mAh ina wati-saa ngapi, na itiwe wapi?
Jibu: 15 mara 3.7 ni wati-saa 55.5. Iwe mkononi, kamwe isiwe katika tumbo la ndege.

Swali: Kati ya panga, dawa ya wadudu na mbata, kipi kinaruhusiwa kupakiwa?
Jibu: Panga, likifungwa vizuri. Viwili vingine vibaki nyumbani.

Swali: Ni matunda gani ya shamba lako mwanao aliye Ujerumani aweza kuletewa bila cheti?
Jibu: Nanasi, nazi, ndizi na tende, kama unavyo. Embe hapana.

Mama wa Tezo, kama angalisoma somo hili, angalifika Muscat na samli yake katika sanduku, mbuzi ya nazi imefungwa kitambaa, dawa na betri mkononi, embe na mbata zimebaki Tezo. Mzigo wake ungalikuwa mwepesi, na mzazi angalipata alichotumiwa. Nawe fanya hivyo. Tahadhari kabla ya hatari.